Barafu Iliyosingiziwa

Asubuhi ya Februari 13, 2009, Wamarekani wengi walikuwa na jibu tayari: barafu. Usiku uliotangulia, yapata saa 4 na robo, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilikuwa imeangukia nyumba huko Clarence Center, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo. Abiria na wahudumu wote 49 walikufa, na mtu mmoja nyumbani humo. Ilikuwa Dash 8 Q400, ndege ya mapangaboi ya aina ambayo hata Air Tanzania huirusha. Kinasa sauti kilionyesha kwamba dakika chache kabla, marubani walikuwa wakizungumzia barafu iliyoganda kwenye mbawa.

Barafu ni adui kweli. Toa kiganja dirishani mwa daladala, uinue kidogo ukingo wake wa mbele: upepo unakibeba. Ukizidisha, kinatupwa nyuma. Bawa nalo likiinuka kupita kiasi, hewa hubanduka mgongoni mwake na ndege huporomoka, hata injini zikinguruma. Bawa lenye barafu hufika huko mapema zaidi.

Lakini wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, walikuta kwamba usiku ule barafu ilipunguza uwezo wa ndege kidogo tu. Marubani walikuwa wamewasha swichi inayofanya onyo la kuporomoka lije mapema penye barafu, huku wakipanga kutua kwa kasi ya siku isiyo na barafu. Kasi ikashuka, hakuna aliyeiona. Usukani ukaanza kutetemeka kuwaonya, na wakati huo mbawa zilikuwa bado zinabeba.

Ilitosha kuusukuma usukani mbele. Rubani aliuvuta. Mtambo ukausukuma wenyewe kumwokoa. Akashindana nao, akavuta tena. Msaidizi wake akarudisha ndani flapu, vibao vya mbawa vinavyosaidia kubeba ndege kwa kasi ndogo, bila kuagizwa. Yote yalikwisha chini ya nusu dakika.

Kwa nini avute? Wapo waliodhani alihofia barafu ya mkiani, ambayo dawa yake ni kuvuta kweli. NTSB haikushawishika, iliona mtu aliyeshtuka. Miezi michache baadaye, Juni 1, Airbus ya Air France kutoka Rio ilipoteza vipimo vya kasi baada ya chembe za barafu kuziba vipimio. Hata huko pua ikainuliwa, onyo likalia mara kwa mara, na watu 228 wakazama Atlantiki.

Baada ya Buffalo, Marekani ilitunga sheria inayomtaka hata rubani msaidizi, kwa kawaida, awe na saa 1,500 za kuruka. Familia za marehemu ziliipigania, na siwalaumu, ila marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wameshazipita saa hizo. Nionavyo, la maana zaidi ni kanuni ya mafunzo ya 2013, iliyoanza kubana mashirika mwaka 2019: rubani aipeleke ndege ya mafunzo ya kuigiza hadi iporomoke kabisa, auhisi ule mtambo ukimnyang'anya usukani, na auachie. Rubani wa Colgan hakuwahi kufanyishwa zoezi hilo kwenye Q400.