Kwa nini wenye mashua huzozana na kamati za fuo

MASHUA ikizuiwa kuingia ziwani katika ufuo wa Dunga, Kisumu, hasara humfikia hata mama auzaye samaki mtaani Manyatta.

Fuo za Ziwa Victoria nchini Kenya husimamiwa na vikundi vya wavuvi, maarufu kama BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka wa 2007 na kutambuliwa katika sheria ya uvuvi ya 2016.

Mizozo huzuka kuhusu ada, usajili wa vyombo na nyavu zenye matundu madogo. Mwenye mashua hudai chombo ni chake. Kamati hujibu kuwa samaki ni wa wote.

Hata hivyo, kamati huchaguliwa na wanachama wenyewe: wenye mashua, mabaharia na wachuuzi. Mwenye malalamiko hana budi kuhudhuria mikutano, kwani asiyekuwepo na lake halipo.