Umri wa Gari si Ubovu wa Gari: Kwa Nini Gari la Zamani Hupita au Hushindwa Ukaguzi

Ndugu wananchi wa Palma, Mocímboa da Praia, Nangade na vijiji vyote vya ukingo wa Ruvuma,

Katika vizuizi vya barabarani tunaulizwa mara kwa mara swali hili: je, gari lenye miaka 30 au 40 linaweza kutegemewa kupita ukaguzi kila mwaka? Muulizaji huwa na pikapu aliyorithi kwa marehemu baba yake, au Land Rover iliyovushwa kutoka Mtwara zamani, naye huuliza kwa wasiwasi kana kwamba tumekwisha kumhukumu. Jibu letu ni kwamba linaweza. Ukaguzi haupimi umri, unapima hali. Hata hivyo jibu hilo lina masharti, na katika pwani yetu masharti hayo ni mazito kuliko bara.

Tuchukue mfano wa gari ambalo wazee wetu wapenda magari watalikumbuka. Mwaka 1971, Datsun 240Z, gari dogo la michezo lenye milango miwili, lilishinda Mbio za Safari za Afrika Mashariki likiendeshwa na Edgar Herrmann. Mwaka 1973 aina hiyohiyo ilishinda tena, mara hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Magari hayo yalipita katika matope, mashimo na vumbi kama tunavyovijua sisi. Leo yana zaidi ya miaka 50, na yapo ambayo bado yanakimbia. Tangu mwaka 2003 magari ya rika hilo yamekuwa na mashindano yao nchini Kenya, na baadhi ya miaka njia yao imeingia hata Tanzania. Gari la namna hiyo haliruhusiwi kuanza mbio kabla ya kukaguliwa na mafundi.

Basi je, gari hilo la michezo hupita ukaguzi kwa urahisi? Wanaolitunza hueleza kwamba tatizo lao kubwa si injini. Injini yake ya silinda sita ni imara. Tatizo ni kutu, ambayo huanza chini ya betri, hushuka kwenye sakafu, kisha hula mihimili inayobeba gari zima. Juu rangi inang'aa, chini chuma kimeoza. Ndiyo maana mkaguzi anayejua kazi yake hapotezi muda kusifu rangi, bali huinama na kutazama chini.

Sisi wa pwani tunaishi na adui huyo mlangoni. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Zaidi ya hayo, pikapu zetu nyingi hubeba samaki kutoka pwani kwenda Mueda. Maji ya barafu na ya samaki hutiririka kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi, na hapo hukaa usiku kucha. Mwenye gari anaosha kioo na boneti, halafu anakwenda kulala. Baada ya miaka michache sehemu zinazoshikilia springi hulegea, na siku moja, gari likiwa limejaa abiria na magunia, chuma hukatika. Ndoo chache za maji matamu chini ya gari baada ya kila safari ya samaki ni kinga rahisi kuliko fundi wa kuchomelea.

Adui wa pili ni kusimama. Wapo wanaodhani gari lisilotembea halichakai. Si kweli. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ni nyevu mwaka mzima. Mafuta yaliyoingia maji huchemka mapema breki zinapopata moto, na hapo dereva hukanyaga pedali bila kupata kitu. Fikirini hilo likitokea katika mteremko wa kutoka nyanda za Mueda kushuka pwani, nyuma kukiwa na akina mama na watoto. Mipira ya breki nayo hukauka na kupasuka. Tairi huweza kuwa na meno mazuri lakini ubavuni imejaa nyufa kwa uzee. Kwa hiyo gari lililolala miezi mingi likaguliwe na fundi kwanza, ndipo lipelekwe kwa mkaguzi.

Mambo mengine yanayoangusha magari ni madogo, nayo huwa tunayaona kila siku: taa ya nyuma iliyokufa, waipa zisizofuta, usukani wenye mchezo, breki ya mkono isiyoshika, mkanda wa kiti uliokatwa, na tairi kipara. Katika nchi nyingi tairi ya gari dogo ikibakiwa na kina cha meno chini ya milimita 1.6 haifai tena barabarani. Gharama ya kurekebisha mengi kati ya haya haizidi gharama ya safari moja ya kwenda kituo cha ukaguzi na kurudishwa.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo wengi hulinyamazia. Wapo wanaoazima tairi nne kwa jirani, wakafunga taa za gari jingine, wakapita ukaguzi, na jioni wakarudisha kila kitu kwa wenyewe. Cheti wamepata, lakini gari ni lilelile bovu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Cheti hueleza hali ya gari siku ile lilipotazamwa. Siku zote zinazobaki za mwaka ziko mikononi mwa mwenye gari. Uingereza, tangu Mei 2018, magari mengi yenye zaidi ya miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, lakini sheria bado inamtaka mwenye gari alitunze liwe salama barabarani. Hata huko, msamaha wa ukaguzi si msamaha wa ubovu.

Kwa wanaovuka mpaka, iwe Namoto au kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kule Negomano, kuna jambo la ziada. Kutu haili chuma tu, hula pia namba ya chesisi. Namba isiyosomeka, au isiyolingana na hati ya usajili, huleta mashaka kwamba gari limeibwa, hata kama mwenyewe ni mtu mwema. Isafisheni namba hiyo taratibu na kuipaka grisi. Msiikwangue wala msiichomelee. Likiwa limesajiliwa Tanzania na linaingia kwetu kwa muda, liwe na kibali cha forodha na bima. Nanyi mnaotakiwa kulipa faini, daini stakabadhi. Fedha inayotolewa mkononi kimyakimya haitengenezi breki.

Tunayasema haya tukijua hali ya eneo letu. Tangu mashambulizi ya Machi 2021 familia nyingi za Palma zimehama na kurudi, na gari kuukuu la jirani ndilo lililobeba magodoro, masufuria, wazee na wagonjwa. Hatuna nia ya kuyaondoa magari hayo barabarani. Tunataka yafike.

Kwa hiyo, mwezi mmoja kabla ya ukaguzi, fanyeni haya: mwiteni fundi alale chini ya gari na kugonga chesisi kwa nyundo ndogo, badilisheni mafuta ya breki, washeni taa zote usiku, mtu mwingine akitazama kwa nyuma, kagueni tairi, pamoja na ya akiba, kisha wekeni stakabadhi za matengenezo pamoja na hati za gari. Mwenye shaka na afike katika kituo chetu cha polisi kilicho karibu naye aulize. Kuuliza hakulipiwi, na hakuna atakayekamatwa kwa kuuliza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa gari, ndugu zetu, haungoji mvua; hungoja mteremko.