Mtoto Akilia, Mama Asisahauliwe

Zamani, katika nyumba za Wakikuyu wa Dagoretti na vijiji vya jirani, watu hawakuwa na haja ya kuuliza mama amejifungua mtoto gani. Walisikiliza vigelegele tu. Vikipigwa vitano, mtoto ni mvulana. Vikipigwa vitatu, ni msichana. Siku hizi Dagoretti na Kawangware zimo ndani ya jiji la Nairobi, na akina mama wengi hujifungulia hospitalini. Habari humfikia baba kwa simu, pengine akiwa ofisini katikati ya jiji, naye huuliza lile lile la zamani: "Mtoto gani?" Ni wachache waanzao kwa kuuliza, "Mama yu hali gani?"

Swali hilo la pili ndilo lipasalo kutangulia. Mama ashikwapo na uchungu, watu wote humtazama yeye. Mara mtoto aliapo, macho yote humgeukia mtoto. Lakini saa zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa kwa mama. Kondo la nyuma likiisha kutoka, yapasa mfuko wa uzazi ujikaze na kuibana mishipa ya damu iliyokuwa ikililisha kondo hilo. Usipojikaza, damu hutoka kwa wingi, na hata mama mwenye nguvu aweza kufa kwa muda mfupi. Jambo hili ndilo sababu kuu ya vifo vya akina mama wazaao ulimwenguni. Kila mwaka huua maelfu mengi ya wanawake, wengi wao katika nchi zisizo na mali nyingi.

Magharibi ya katikati ya jiji, karibu na Ngong Road, yapo majengo ya Hospitali ya Kenyatta. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 iliitwa King George VI, na baada ya uhuru ikapewa jina la Kenyatta. Hapo ndipo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi wafundishwapo. Walimu wa chuo hicho, akiwamo Profesa Zahida Qureshi, walishirikiana na wataalamu wa nchi nyingine katika uchunguzi mkubwa juu ya hatari hii. Uchunguzi ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa akina mama zaidi ya 200,000, na matokeo yake yalitangazwa mwezi wa Mei, 2023.

Walioufanya waliona kwamba desturi ya kukisia damu kwa macho hudanganya. Katika kila akina mama 100 waliotokwa na damu kupita kiasi, ni 51 tu waliotambuliwa kwa njia ya zamani. Basi wakunga walipewa shuka ya plastiki yenye mfuko, ambayo hutandikwa chini ya mama. Mfuko huo una alama za kipimo, na damu ikifika nusu lita mkunga hana haja ya kukisia tena. Hapo hufanya mambo yote kwa pamoja pasipo kungoja: husugua tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, humpa mama dawa za kuukaza na za kuzuia damu, humtia maji mshipani, na kumpima aone kama kuna jeraha. Kwa njia hiyo walitambuliwa 93 katika kila 100. Tena akina mama waliopatwa na madhara makubwa walipungua kutoka 43 katika kila 1,000 hadi 16.

Kazi hiyo ni ya mkunga, lakini jamaa nao wana yao. Baba mwenye busara huweka akiba ya nauli mapema, maana uchungu hauchagui saa, na usiku wa manane gari la kutoka Kawangware halipatikani kwa urahisi. Tena hutafuta mapema ndugu walio tayari kutoa damu ikihitajiwa. Mama akiisha kujifungua, mtoto na awekwe kifuani anyonye mara moja, kwa kuwa kunyonya husaidia mfuko wa uzazi kujikaza.

Naye mama akisharudi nyumbani, asiachwe peke yake. Kitambaa chake kikilowa damu kabisa kwa muda wa saa moja, au akiona kizunguzungu, au mwili ukimpoa na moyo kumwenda mbio, arudishwe hospitali saa ile ile. Asingojewe apate usingizi, wala isisemwe kwamba ni uchovu wa uzazi tu.

Vigelegele na vipigwe, kwa kuwa mtoto ni baraka. Lakini kabla havijaisha, mtu mmoja na aketi karibu na kitanda cha mama, amshike mkono, na kumwuliza hali yake.