Nyota za Motokaa: Maana Yake ni Nini?

Wazazi wengi wa hapa Morogoro, wakijaliwa uwezo wa kununua motokaa ya nyumbani, hupenda gari la juu lililokwisha tumika Japani: RAV4, Harrier, X-Trail na mengine ya namna hiyo. Sababu si ya kuficha. Njia za kupanda Uluguru, ile ya Mgeta na ile ya Matombo, hazina huruma kwa gari la chini, hasa wakati wa masika. Tena watu husema ya kuwa gari kubwa ndilo salama, na muuzaji huongeza neno lake: "Hili lina nyota tano." Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu niliulizwa mara tatu nyota hizo ni nini, na kwa kuwa nafundisha Fizikia yanipasa kujibu.

Nyota ni alama za mtihani, na kiwanda hakijisahihishii mtihani wake. Japani walianza kupima magari na kutangaza matokeo mwaka 1995. Ulaya chama cha Euro NCAP kilitangaza ya kwanza mwaka 1997. Magari yauzwayo Afrika yalianza kupimwa na Global NCAP mwaka 2017.

Mtihani mashuhuri ni huu. Gari huvutwa hadi mwendo wa kilometa 64 kwa saa, kisha huachwa ligonge kizuizi kizito ambacho mbele yake pamefungwa alumini yenye vitundu kama sega la nyuki, ili ibonyee kama ibonyeavyo gari jingine. Haligongi kwa uso wake wote, bali kwa asilimia 40 ya upana, upande wa dereva, kwa maana magari mawili yakikutana vibaya njiani mara nyingi hugongana hivyo. Ndani huketishwa masanamu ya kadiri ya watu, yenye vipimio kichwani, shingoni, kifuani na miguuni. Masanamu hayo yote yamefunga mikanda. Neno hili msomaji alishike, maana nitalirudia.

Watazamaji hutaka kuona mambo mawili: pua ya gari ijikunje, na chumba cha abiria kisijikunje. Wapo wazee wanaosifu gari la zamani lisilobonyea, wakisema hilo ndilo chuma kweli. Fizikia haikubaliani nao. Mwendo ule lazima uishe mahali fulani. Pua ikibonyea, mwili wa abiria hupata nafasi ya kusimama kidogo kidogo, na kani inayomkamata hupungua. Isipobonyea, chuma hubaki kizima na mwenye gari huumia.

Wanafunzi wa Kidato cha Pili waweza kufanya hesabu hii wenyewe. Kugonga kwa kilometa 64 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa meta 16 hivi. Kwa kilometa 100 kwa saa ni karibu meta 40. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, lakini nguvu ya pigo imepita mara mbili. Basi gari la nyota tano linalokimbia kilometa 100 kwa saa katika njia kuu ya Dar es Salaam limekwisha kutoka nje ya mtihani wake, na lori la mzigo linalokuja mbele yake halina alumini laini puani.

Jambo la pili ni mwaka wa alama. Gari dogo la Fiat Punto lilipata nyota tano Ulaya mwaka 2005. Mwaka 2017 likapimwa tena, likapata sifuri. Gari halikuoza, mtihani ndio uliokuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa nyota tano, uliza: za mwaka gani? Na ukubwa pia si cheti: Jeep Wrangler, gari la juu lenye kifua kipana, lilipata nyota moja tu mwaka 2018.

Uliza vilevile gari liliundwa kwa ajili ya soko gani. Mwaka 2018 Global NCAP ilipima pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika, ikapata sifuri ingawa ilikuwa na mifuko ya hewa. Mwaka 2019 wakaigonganisha Hardbody mpya na pikapu nyingine ya Nissan, Navara iliyokwisha tumika Ulaya, ya mwaka 2015. Ilionekana kuwa dereva wa ile mpya ya Afrika yamkini angalikufa, na yule wa ile kuukuu angalishuka akatembea. Kwa maoni yangu jambo hili ni la aibu, lakini linawapa moyo wanunuzi wa mitumba.

Kiwanda nacho husoma maswali ya mtihani kama wasomavyo baadhi ya wanafunzi wangu. Wamarekani walikuwa wakigongesha robo tu ya uso wa gari, upande wa dereva. RAV4 ya 2015 ilifaulu vizuri. Mwaka 2016 wakaligongesha upande wa pili, anapoketi mama au mtoto mkubwa, likaonekana dhaifu kabisa. Upande ule haukuwa umeulizwa.

Katika kona za Mgeta hatari nyingine ni kupinduka, maana gari la juu uzito wake umekaa juu. Mtihani ule wa kugonga kizuizi hauulizi swali hilo. Kinachosaidia ni chombo kinachoshika breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza. Kwenye Toyota huandikwa VSC. Ningekitafuta hicho kabla ya redio nzuri na rimu zinazong'aa.

Mwisho, alama ilitolewa gari likiwa jipya. Mifuko ya hewa iliyoundwa na Takata, ambayo ilikuwamo katika baadhi ya X-Trail za zamani, iliitwa irudishwe viwandani kwa mamilioni, kwa kuwa joto na unyevu viliharibu baruti yake hata ikarusha vipande vya chuma. Nasi tuna joto na unyevu tele. Kabla ya kulipa, andika namba ya chasisi, uitazame katika orodha ya kiwanda. Washa swichi uone kama taa ya mfuko wa hewa inawaka kisha inazimika. Isipowaka kabisa, huenda fundi ameing'oa. Halafu nenda kiti cha nyuma, inua zile kava za viti tunazozipenda sana, ukatafute vifungo vya mikanda. Mara nyingi vimezikwa chini yake, na watoto watatu wameketi juu.