Guno Lililodumu Kuliko Mgunaji

Kila mwaka ninapofundisha aina za maneno, kihisishi huja mwisho. Wanafunzi huwa wameanza kufunga madaftari, nami, nakiri, huwa nimeanza kutazama saa. Lo! Ebo! Salaala! Tunavitaja mbiombio, kisha tunaagana. Aliyenifanya nijutie haraka hiyo si mwanaisimu. Ni mwigizaji wa vichekesho, James Finlayson.

Finlayson alizaliwa Larbert, Uskochi, mwaka wa 1887. Alihamia Marekani, na katika miaka ya 1920 akawa mwigizaji wa studio ya Hal Roach, California. Nyota wa studio hiyo walikuja kuwa Stan Laurel na Oliver Hardy. Yeye alikuwa yule jirani au tapeli wa kuwaudhi: kipara, jicho lililofinywa na masharubu ya bandia. Alionekana katika filamu zao 33. Katika Big Business ya mwaka 1929, wawili hao wanajaribu kumwuzia mti wa Krismasi. Yeye anaukata mti wao. Wao wanaibomoa nyumba yake, naye analivunjavunja gari lao. Mwondoe mtu huyu mwenye hasira, na kichekesho chote kitakufa.

Filamu zilipopata sauti, Finlayson alikuja na guno lake la ghadhabu, "Doooh!", alilolivuta kama mwenye kuumwa jino. Alifariki mwaka wa 1953, nalo likasalia katika filamu za zamani. Katika miaka ya 1980, Dan Castellaneta alikuwa akimtolea sauti Homer Simpson, mhusika wa vibonzo vya runinga. Mswada ulisema tu kwamba Homer agune kwa kuudhika. Castellaneta alimkumbuka Finlayson. Matt Groening, muundaji wa vibonzo hivyo, alimtaka alifupishe guno hilo. Mnamo 2001, Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ikalipa nafasi yake.

Sidai kwamba Finlayson ndiye aliyelibuni. Watu wameguna tangu jadi. Nasema tu kwamba alilitamka mahali pake, likanata masikioni.

Walimu wenzangu, kihisishi nacho ni mwigizaji msaidizi. Hakina upatanisho na neno lolote katika sentensi, na sarufi haiharibiki kikiondolewa. Lakini mazungumzo yasiyo na kihisishi ni mchuzi usio na chumvi. Muhula ujao, somo la aina za maneno nitalianzia mwisho.