‘Dere, shukisha hapa!’ Foleni ya Kitale na Bungoma inaanzia kwako

Umetoka Kitale asubuhi, ukapita Kiminini na Kamukuywa, ukafika Webuye ukijiambia leo utawahi. Halafu Kanduyi. Mbele matrela ya Malaba, ubavuni matatu, bodaboda zimejaza kila upenyo, na mji wa Bungoma uko pale tu. Ukilaumu wingi wa magari, umekosea kidogo.

Hebu tupige hesabu. Leni moja inayotembea vizuri hupitisha gari moja hivi kila sekunde mbili. Matatu ikisimama ndani ya leni dakika moja, makanga akimwita abiria wa mwisho, imezuia magari 30. Yapange, ni foleni ya karibu mita 200. Humo yumo mwanafunzi wa Kibabii anayekimbilia mtihani, na pengine ambulensi. Aliyeisimamisha ni nani? Ni wewe uliyepaza sauti “Dere, shukisha hapa!” kwa kuwa steji iko mbele kidogo na jua ni kali. (Hata mimi, sikatai.)

Ndiyo maana lami pekee haitoshi. Bungoma ilijengewa barabara ya leni mbili kila upande kati ya Kanduyi na Musikoma. Ni nzuri, lakini leni moja ikigeuzwa steji, si imebaki moja? Kitale nako, msimu wa mavuno, malori na matrekta ya mahindi hukutana mjini na matatu za Eldoret na Kapenguria.

Tuwafukuze wa bodaboda? Hao ni marika wako, wengine mlisoma pamoja. Wakitimuliwa asubuhi, saa nane wamerudi, maana abiria hajahama. Wape steji nje ya leni, yenye kivuli, karibu na mahali watu wanashukia kweli.

Na hilo lina mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti jukumu la trafiki na maegesho, huku barabara kuu ya Malaba ikiwa chini ya KeNHA. Kanduyi ina wakubwa wawili, basi.

Kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, enda. Usiombe lami tu. Waulize abiria wa Kitale atashukia wapi, chini ya kivuli gani, na trela la Malaba litapita wapi wakati huo.