Kulinda Majina ya Safu Wima Unapoingiza Data

Tuseme una faili la CSV lenye safu wima nne: Kituo, 2022, 2023 na Mvua (mm). Ukiliingiza katika programu ya takwimu ya R kwa amri ya read.csv pekee, utaona vichwa hivi:

Kituo  X2022  X2023  Mvua..mm.

Takwimu zako ziko salama. Kilichobadilika ni majina. R hulitambua jina kuwa halali likianza kwa herufi, na likiwa na herufi, tarakimu, nukta au kistari cha chini tu. Kwa hiyo huweka X mbele ya jina linaloanza kwa tarakimu, na nukta mahali pa kila alama isiyokubalika. Hesabu mwenyewe: nafasi moja na mabano mawili, nukta tatu. Safu mbili zikiitwa Alama, ya pili huwa Alama.1.

Kuyalinda majina, andika:

read.csv("mvua.csv", check.names = FALSE)

Lakini sasa kila unapoitaja safu hiyo huna budi kuizungushia alama maalumu: data$`Mvua (mm)`. Hiyo si alama ya kunukuu ya kawaida. Kwenye kibodi nyingi iko kushoto kwa tarakimu 1. Tena, safu mbili za Alama zitabaki na jina lilelile, na ukiandika data$Alama utaletewa ya kwanza tu, bila onyo lolote. Hapo ni afadhali kurekebisha faili lenyewe kwanza.

Kosa baya zaidi ni hili. Faili lina alama za wanafunzi watano bila kichwa: 80, 50, 60, 40, 70. Wastani ni 300 ÷ 5 = 60. Amri ya read.csv huuchukua mstari wa kwanza kuwa kichwa, hivyo 80 inageuka jina, X80, na zinabaki alama nne: 220 ÷ 4 = 55. Mwanafunzi mmoja ametoweka na programu haikulalamika. Ukikuta X mbele ya namba, basi, jiulize: huu ni mwaka, au ni data iliyomezwa na kichwa?

Ikiwa ni data, ongeza header = FALSE. R itaiita safu hiyo V1, nawe utaipa jina kwa kuongeza col.names = "Alama".